Mwongozo Kamili: Namna ya Kulitambua Gari la Zamani Kabla ya Kuanza Kulibishania

Wapenzi wengi wa magari ya zamani hukwama mahali pamoja. Hulitazama gari kwa mbele, husoma nembo iliyobandikwa nyuma, kisha hutangaza jina na mwaka wake kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi walio nao. Ubishi unaofuata huwa mkali lakini hauzai kitu, kwa sababu mmoja anasifu gari analodhani analiona, na mwenzake anaponda gari jingine kabisa.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Chuma kitatangulia, umbo litafuata, na nembo itakuwa ya mwisho kabisa kuaminiwa. Nembo hushikiliwa na skrubu mbili au gundi, na mwenye bisibisi anaweza kulipandisha cheo gari la kawaida kwa dakika chache. Kubadilisha namba iliyogongwa kwenye chuma bila kuacha alama ni kazi ngumu zaidi.

## Vifaa vinavyohitajika

Andaa vitu hivi kabla hujalikaribia gari:

- Tochi yenye mwanga mkali na mwembamba, pamoja na kioo kidogo chenye mpini mrefu.
- Sumaku nyepesi iliyofungwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi.
- Tepu ya kupimia ya mita 5.
- Chaki nyeupe, vitambaa safi na mafuta ya taa kidogo kwenye chupa.
- Kamera, hata ya simu, pamoja na daftari na kalamu.
- Jedwali la namba za mtengenezaji wa gari husika, lililochapwa au kuhifadhiwa kwenye simu.

Kipima unene wa rangi kinasaidia, lakini si lazima. Jedwali la namba ndilo wengi hulisahau, nalo ndilo la lazima, kwa maana namba usiyoweza kuifasiri ukiwa mbele ya gari utainakili vibaya bila kujua.

## Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kugusa chochote

Omba ruhusa ya mwenye gari, kisha lipige picha pande zote nne, chumba cha injini, ndani, buti na chini ya sakafu, likiwa vilevile lilivyo. Uchafu nao ni ushahidi. Ribiti iliyofunikwa na vumbi gumu la miaka mingi inaonyesha kwamba kibao cha namba inachokishikilia hakijang'olewa, ilhali ribiti mpya inayong'aa juu ya kibao kilichochakaa inazua swali ambalo lazima lijibiwe.

Onyo: Usikubali kuwashiwa injini ya gari lililolala muda mrefu kwa ajili tu ya kusikiliza mlio wake. Utambuzi hauhitaji injini iwake, na injini isiyo na mafuta kwenye kuta za silinda inaweza kuharibika katika mizunguko michache ya kwanza.

## Hatua ya 2: Tafuta namba ya chesisi na uisome kwenye chuma chenyewe

Kila mtengenezaji alikuwa na mahali pake pa kugonga namba. Kwenye Volkswagen Beetle utaipata juu ya mgongo wa katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Kwenye Ford Mustang za kwanza imegongwa kwenye bamba la ndani la madigadi, upande wa kushoto wa chumba cha injini. Kibao cha mlangoni au cha ukutani kisome pia, ila kichukulie kama shahidi wa pili, maana vibao vya magari mengi maarufu hutengenezwa upya na kuuzwa kama vipuri vingine.

Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, futa grisi taratibu, acha pakauke, kisha sugua chaki juu ya namba na upanguse kwa kiganja. Unga wa chaki utabaki ndani ya mikwaruzo ya herufi, nazo zitasomeka hata zilipofifia. Piga picha huku tochi ikimulika kutoka ubavuni, si kutoka mbele, ili kila herufi itupe kivuli chake.

Onyo: Usitumie msasa wala brashi ya waya. Namba nyingi za zamani zina kina kidogo sana, na brashi ya waya inaweza kufuta kwa nusu dakika ushahidi uliodumu miaka 60. Ukikuta namba imesagwa, au kipande chenye namba kimezungukwa na mstari wa kuchomelea, simamisha kazi. Katika nchi nyingi kuharibu namba ya chesisi ni kosa la jinai, na suala hilo limeshavuka mipaka ya mjadala wa wapenzi wa magari.

Kisha fasiri namba hiyo. Mfumo wa herufi na tarakimu 17, usiotumia kamwe herufi I, O na Q, ulianza kuwa wa lazima Marekani kwa magari ya toleo la 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na lugha yake, kwa hiyo gari linalodaiwa kuwa la 1967 lakini lenye namba ya mfumo huo lina maswali ya kujibu.

Mustang ni mfano mzuri wa namba inayosema mengi kwa ufupi. Namba inayoanza na 5R09A inaeleza kwamba gari ni la toleo la 1965, liliunganishwa San Jose, lina umbo la mgongo ulioinama hadi nyuma, na lilitoka na injini ya V8 ya inchi za ujazo 289 yenye karbureta ya midomo minne. Kama badala ya A kuna K, hiyo ni 289 ya nguvu za farasi 271, ambayo wakusanyaji huitafuta zaidi. Kama ni C, ni ya karbureta ya midomo miwili, hata kama leo juu yake imefungwa karbureta kubwa na pembeni kuna nembo za kifahari.

Kwenye Beetle za toleo la 1965 hadi 1969, tarakimu mbili za mwanzo zinataja aina ya bodi na ya tatu inataja mwaka. Namba inayoanza na 117 ni Beetle ya paa la chuma ya toleo la 1967. Mercedes-Benz nayo ilitanguliza namba ya aina: 113.042 ni 230 SL, 113.043 ni 250 SL, na 113.044 ni 280 SL. Magari haya matatu yanafanana mno kwa macho, na nembo ya 280 kwenye buti ya 230 ni jambo la kawaida.

Kuna pia magari ambayo namba yake ya chesisi haitoshi. Pontiac GTO ya 1964 na 1965 ilikuwa kifurushi cha nyongeza juu ya Le Mans, kwa hiyo namba ya chesisi peke yake haiwezi kuitenganisha GTO na Le Mans ya kawaida. Kuanzia toleo la 1966 GTO ilipata mfululizo wake, na namba ikaanza na 242. Anayetangaza GTO ya 1965 kwa kuonyesha namba ya chesisi tu hajathibitisha lolote, na hapo hatua ya nyaraka, iliyo mbele, ndiyo itakayoamua.

Kwa upande wa Japani, Nissan Skyline ya milango miwili ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 huigwa sana. GT-R halisi, yaani toleo la kasi la Skyline hiyo, ina msimbo KPGC10, wakati ndugu yake wa kawaida wa silinda sita ni KGC10. Tofauti ni herufi moja, nayo haipatikani kwa kubadilisha grili na madigadi.

### Mwaka wa toleo si mwaka wa kutengenezwa

Nusu ya ugomvi kuhusu miaka hutokana na kuchanganya mambo haya mawili. Viwanda vingi vilianza kutengeneza toleo la mwaka unaofuata mara baada ya likizo ya kiangazi, mnamo Agosti au Septemba. Beetle iliyotoka kiwandani Oktoba 1966 ni ya toleo la 1967, na hati inayotaja 1966 haidanganyi.

Mustang iliongeza utata zaidi. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, na watu huziita za mwanzo "sitini na nne na nusu", lakini namba zake zote zinaanza na 5. Kuzitambua inabidi kutazama mambo mengine, mathalani kwamba zilichajiwa kwa dinamo, na si kwa alteneta kama zilizofuata kuanzia majira ya kiangazi ya mwaka huohuo.

Mafanikio ya hatua hii: Una picha ya namba iliyogongwa kwenye chuma, inayosomeka herufi kwa herufi, na tafsiri yake iliyoandikwa daftarini, ikitenganisha mwaka wa toleo na tarehe ya kutengenezwa.

## Hatua ya 3: Ihoji injini

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko kwingine kote, kwa hiyo usiharakishe.

Bloku ya injini hubeba namba za aina mbili. Ya kwanza ni namba ya kusubu (yaani ya kumimina chuma kilichoyeyushwa), ambayo imetokeza juu ya chuma kwa sababu ilikuwamo ndani ya kalibu. Hii inataja aina ya bloku, na maelfu ya injini huwa na namba hiyohiyo. Ya pili ni namba iliyogongwa, ambayo imezama ndani ya chuma, na hiyo ndiyo inayoweza kuihusisha injini hii na gari hili. Mtu anayepiga picha ya namba ya kusubu na kutangaza kwamba namba za gari lake "zinalingana" amethibitisha tu kwamba injini ni ya aina inayofaa.

Katika magari mengi ya Chevrolet ya V8, tarehe ya kusubu ipo nyuma ya bloku, karibu na gia boksi, na huandikwa kwa herufi ya mwezi, siku na tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 14 9 ni tarehe 14 Machi ya mwaka unaoishia na 9. Namba iliyogongwa ipo mbele, kwenye kitako bapa chini ya kichwa cha silinda cha kulia, nayo hutaja tarehe ya kuunganishwa kwa injini na, kwa magari mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1960, sehemu ya namba ya chesisi.

Sasa panga tarehe kwa mfuatano: bloku lazima isubiwe kabla injini haijaunganishwa, na injini lazima iunganishwe kabla gari halijakamilika. Tuseme kibao cha Chevrolet Camaro kinasema 04B, yaani wiki ya pili ya Aprili 1969. Bloku ya C 14 9 iliyogongwa tarehe 25 Machi inaingia vizuri katika mfuatano huo. Bloku ya D 20 9, yaani 20 Aprili, haiwezi kuwa ya gari hilo, hata kama muuzaji ana simulizi tamu kiasi gani, kwa kuwa ilikuwa haijasubiwa gari lilipokamilika.

Onyo la kwanza: Tarakimu moja ya mwaka hujirudia kila miaka 10. Hiyo 9 inaweza kuwa 1959, 1969 au 1979, na namba ya kusubu ndiyo inayoamua ni ipi.

Onyo la pili: Chunguza uso wa kitako chenyewe. Mashine ya kiwandani iliacha mistari myembamba iliyonyooka, inayopita kutoka mbele kwenda nyuma. Ukikuta uso laini kama kioo, au mikwaruzo ya mviringo, au herufi zisizo kwenye mstari mmoja, kuna mtu aliyepita hapo. Hata hivyo usimwite mtu tapeli papo hapo, maana fundi anayesawazisha bloku ili gasketi ikae vizuri huondoa mistari hiyo, pamoja na namba, bila nia yoyote mbaya. Andika unachokiona: uso wa asili haupo.

Kumbuka pia kwamba "namba zinazolingana" haina maana moja kwa kila gari. Kwenye Jaguar E-Type hutafuti sehemu ya namba ya chesisi kwenye bloku. Unalinganisha namba ya injini na ile iliyoandikwa kwenye kibao na kwenye kumbukumbu za kiwanda. Wanaobishana kuhusu jambo hili mara nyingi wote wako sahihi, kila mmoja kwa gari lake.

Mafanikio ya hatua hii: Una tarehe tatu zilizopangwa kwa mfuatano, au umeandika waziwazi ni ipi inayokosekana.

## Hatua ya 4: Pima, kisha ndipo utazame umbo

Nyoosha magurudumu ya mbele na upime kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la mbele hadi katikati ya kitovu cha nyuma, pande zote mbili. Umbali kati ya ekseli ni vigumu kuughushi, na mara nyingine unamaliza ubishi peke yake.

Mfano mzuri ni Porsche 911. Hadi toleo la 1968 umbali huo ulikuwa milimita 2,211. Kuanzia toleo la 1969 ukaongezwa kufikia 2,268. Siku hizi 911 nyingi za baadaye huvalishwa bampa na madigadi za mtindo wa mwanzo, na kwa mbali zinadanganya hata macho yaliyozoea. Tepu haidanganywi na bampa. Kwa Land Rover jambo ni rahisi zaidi, kwa sababu majina yenyewe, 80, 86, 88, 107 na 109, ni umbali huo kwa inchi.

Ukipata vipimo tofauti kushoto na kulia, usikimbilie kutangaza ajali. Renault 4 ilitoka kiwandani na tofauti ya takriban milimita 48 kati ya pande zake, kwa kuwa vyuma vya springi vya nyuma vimelazwa kimoja nyuma ya kingine.

Baada ya vipimo, tazama alama za umbo zinazofahamika kubadilika kwa wakati maalumu:

- Beetle ilikuwa na kioo cha nyuma cha vipande viwili hadi Machi 1953, kisha kimoja cha umbo la yai hadi 1957, kisha kikubwa zaidi.
- Mini ilikuwa na bawaba za milango kwa nje na vioo vya kusukuma pembeni hadi 1969.
- E-Type ilikuwa na vioo vilivyofunika taa za mbele hadi 1967. Zilizofuata taa zake ziko wazi.
- MGB ilikuwa na bampa za kromu hadi 1974, ndipo zikaja nyeusi za mpira, na gari likainuliwa juu kidogo.
- Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia toleo la 1968 yana taa au viakisi ubavuni, jambo linalokuonyesha gari lilikusudiwa soko gani.

Alama moja haitoshi kamwe. Milango, boneti na vioo hubadilishwa, hasa katika magari yaliyotengenezwa miaka mingi kwa umbo linalokaribiana. Tafuta angalau alama tatu zisizotegemeana.

## Hatua ya 5: Soma tarehe za vitu vidogo

Vioo, rimu, mikanda ya usalama, dinamo na karbureta mara nyingi vina tarehe au msimbo wake. Visome vyote, hata visivyoonekana kuwa na maana, kwa sababu hapa unatafuta uwiano. Vioo sita vya mwaka mmoja na kimoja cha miaka 9 baadaye vinasimulia historia ya kioo kimoja tu. Vioo vyote vya mwaka usiolingana na chesisi ni jambo zito zaidi, kwani huenda bodi nzima ilitoka kwenye gari jingine.

Kwa Ford, namba za vipuri vya miaka ya 1960 huanza na C na tarakimu ya mwaka. C5 ni 1965, na D0 ni 1970. Elewa vizuri kwamba namba hiyo inataja mwaka kipuri kilipobuniwa. Kipuri cha C5 kinaweza kuwamo kihalali ndani ya gari la 1967, lakini kipuri cha C7 hakiwezi kuwa cha asili ndani ya gari la 1965.

Citroën DS ina kalenda yake ya rangi. Mifumo ya haidroli ya mwanzo ilitumia mafuta mekundu na sehemu zake zilipakwa rangi nyeusi, kisha kuanzia 1966 hadi 1967 Ulaya ikahamia mafuta ya kijani yenye asili ya madini, na sehemu zake zikapakwa kijani. Onyo: Usiongeze mafuta kwenye DS kabla ya kujua ni mfumo upi. Mafuta yasiyo yake huharibu mipira yote ya kuzuia uvujaji, na gharama yake ni kubwa kuliko faida yoyote ya utambuzi.

## Hatua ya 6: Pitia bodi kwa sumaku na macho

Pitisha sumaku polepole kwenye sehemu za chini za milango, madigadi na pembe za sakafu. Ikishika kwa nguvu juu na kulegea chini, chini kuna puti. Lakini jua kwanza bodi ni ya nini: paneli za Land Rover ni za aluminiamu na za Chevrolet Corvette ni za nyuzi za kioo, kwa hiyo sumaku isiposhika hapo ni ishara njema. Kwenye Land Rover elekeza nguvu zako kwenye chesisi na ukuta wa mbele ya dereva, ambavyo ni vya chuma na ndiko kutu inakokula.

Fungua milango na utazame mishono. Kiwanda kilichomelea kwa vidoto vilivyopangwa kwa nafasi zinazokaribiana. Mstari mnene usiokatika ni kazi ya gereji. Angalia kwa makini zaidi eneo linaloizunguka namba ya chesisi.

## Hatua ya 7: Linganisha na nyaraka

Hati ya usajili mara nyingi hutaja mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza katika nchi husika, ambao unaweza kuwa baada ya kutengenezwa kwa muda mrefu. Usiipe uzito kuliko chuma.

Kumbukumbu za kiwanda ni jambo jingine. Kwa magari mengi ya Uingereza zipo Gaydon, chini ya British Motor Industry Heritage Trust; Volkswagen hutoa cheti cha kuzaliwa cha gari kupitia makumbusho yake ya Wolfsburg; kwa Pontiac ipo huduma ya PHS, na kwa Ford kuanzia toleo la 1967 ipo ripoti ya Marti. Hapa ndipo GTO ya 1965 inapopata au kupoteza jina lake.

Kuna kikomo ambacho wengi hukisahau. Cheti kinathibitisha jinsi gari lenye namba hiyo lilivyotoka kiwandani. Hakithibitishi kwamba gari lililo mbele yako ndilo hilo. Kazi hiyo ya pili umeifanya katika hatua ya 2 hadi ya 6, na kama hukuifanya, cheti hakitakufanyia.

## Hatua ya 8: Andika utambulisho kwa viwango vya uhakika

Gawa matokeo katika makundi matatu: yaliyothibitishwa, yanayoelekea kuwa kweli, na yasiyojulikana. Kwa mfano: "Chesisi ni ya Mustang ya toleo la 1965, imethibitishwa kwa namba iliyogongwa. Injini ni 289 ya kipindi hicho, lakini uso wake wa namba umesawazishwa, kwa hiyo haijulikani kama ndiyo ya awali. Rangi inaelekea kuwa ya pili."

Kisha lipe gari hali yake: la asili, lililokarabatiwa, lililobadilishwa, au nakala iliyojengwa juu ya gari la kawaida. Nakala si tusi. Nakala isiyokiri kuwa nakala ndiyo tatizo. Kuhusu kama gari linastahili kuitwa la kihistoria, shirikisho la kimataifa la FIVA hutaka liwe na umri wa angalau miaka 30, lihifadhiwe katika hali sahihi kihistoria, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Unaweza kutokubaliana na kipimo hicho, nami nadhani sharti la mwisho ni kali mno, lakini ukikipinga taja chako.

## Hatua ya 9: Sasa jadili sifa zake

Taja kwanza unalipima gari kwa kigezo kipi: uhandisi, umbo, raha ya kuliendesha, uadimu, au urahisi wa kulitunza. Vigezo hivi hugombana. Corvette ya kwanza ya 1953 ilitengenezwa 300 tu, zote nyeupe, lakini ilikuwa na injini ya silinda sita na gia boksi ya otomatiki ya hatua mbili. Kwa uadimu ni ya juu, kwa dereva anayetafuta msisimko ni ya kukatisha tamaa. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi 2003, na hakuna mtu makini atakayesema wingi huo unaipunguzia umuhimu.

Kagua takwimu za nguvu kabla ya kuzitumia kama silaha. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji wa Marekani walitangaza nguvu ya jumla, yaani ya injini iliyowekwa kwenye meza ya majaribio bila mizigo kama mfumo kamili wa moshi. Kuanzia toleo la 1972 wakatangaza nguvu halisi ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Ndiyo maana injini ya LT-1 ya Corvette ilitajwa kuwa na farasi 330 mwaka 1971 na 255 mwaka 1972, ilhali mgandamizo ulibaki 9 kwa 1. Anayedai kwamba injini ilipoteza farasi 75 ndani ya mwaka mmoja analinganisha vipimo viwili visivyolinganishika.

Kuwa mwangalifu zaidi na neno "la kwanza". Mini ya 1959 inasifiwa kwa haki: Alec Issigonis aliilaza injini kwa upana, akaweka gia boksi ndani ya sampu ya mafuta, na akapata nafasi ya watu wanne katika urefu wa mita 3 na ushei. Lakini haikuwa ya kwanza kuilaza injini kwa upana na kuvuta kwa magurudumu ya mbele, kwani DKW F1 ilifanya hivyo mwaka 1931. Dai linalosimama ni kwamba Mini ilionyesha jinsi mpangilio huo unavyoweza kulifanya gari dogo kuwa na nafasi, na dai hilo lina nguvu kuliko lile la uongo.

Onyo: Usitumie bei ya mnadani kama ushahidi wa ubora. Bei hupanda kwa uadimu, mitindo na jina la aliyewahi kumiliki gari, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilisha jinsi gari linavyokata kona.

Hata waliopiga kura ya kulichagua gari la karne mwaka 1999 walifika mahali ambapo ubishi haukwisha: Ford Model T ikawa ya kwanza, Mini ya pili, Citroën DS ya tatu, Beetle ya nne na 911 ya tano. Ukipima kwa uthubutu wa kihandisi pekee, ningeiweka DS juu ya zote. Anayepima kwa idadi ya watu waliopata kumiliki gari kwa mara ya kwanza atabaki na Model T.

Mafanikio ya hatua hii: Mpinzani wako anaweza kurudia dai lako kwa maneno yake mwenyewe, akitaja gari, mwaka wa toleo na kigezo, kabla hajaeleza kwa nini halikubali.